Mwalimu Aliyepigwa na Mtoto

Jumatatu, 4 Juni 1951

Leo tena somo la kukosolewa. Wekesa amefundisha darasa la pili katika shule ya mazoezi, hesabu za kugawanya, na sisi wanachuo wenzake tumekaa nyuma na madaftari kama mahakimu. Sheria ni ile ile. Kila mmoja asimame ataje kosa moja. Usipoona kosa, basi kosa ni lako. Mmoja akasema Wekesa amewapa watoto mgongo mara nne. Mwingine ati kola yake chafu. Peresi akasema chaki ililia ubaoni, na alisema hayo akitazama ukuta, kwa sababu Wekesa ameoa binti wa dada yake. Kwetu huyo ni mama mkwe kamili. Hawatazamani, hawapeani mkono, hawakai benchi moja. Hata kanisani wameachiana nguzo katikati.

Zamu yangu ikafika. Nikasema watoto hawakufungua mdomo tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu Eliya, mkufunzi wetu, akasukuma miwani juu kwa kidole kimoja. Akasema hilo si kosa, hiyo ndiyo nidhamu. Halafu akamalizia na wimbo wake wa kila siku: samaki mkunje angali mbichi.

Nina hasira mpaka saa hii. Mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Shule ya shamba kule Naitiri, ghala la mahindi la mzungu, baba akilima nje na sisi tukisomea katikati ya magunia. Miaka miwili sikusema neno darasani kwa kuogopa fimbo. Wakaniandika mjinga. Sikuwa mjinga. Niliogopa, basi.

Umebaki mwezi mmoja tuingie mtihani wa kufundisha. Nikipita nitapata cheti, na kwa cheti nitapata darasa langu mwenyewe. Nikianguka nitarudi Naitiri kupalilia mahindi ya mtu. Njia ya tatu hakuna.

Jumatano, 6 Juni

Somo langu leo: afya. Habari za funza.

Andalio la somo lilikuwa safi, hatua zote tano, mistari imepigwa kwa rula. Nikaanza hatua ya kwanza. Nikaingia ya pili. Watoto kimya, macho mbele, mikono nyuma. Nikauliza swali, kimya. Nikauliza tena, kimya. Nikaweka chaki chini nikawaambia, mimi sasa ni funza, natafuta mguu.

Nikatambaa chini ya madawati. Hapo ndipo nilisikia sauti zao kwa mara ya kwanza. Miguu ikaruka juu. Nikashika mguu mmoja nikalalamika kwamba siwezi kuingia, kwa nini? Wakajibu wote pamoja, umeoshwa! Nikalalamika sakafu haina vumbi la kunificha. Imemwagiwa maji, imefagiwa! Mtoto mmoja akanifukuza mpaka mlangoni kwa ufagio wa majani.

Mlangoni nikakuta viatu. Jozi mbili. Mwalimu Eliya na Bwana Mkuu wa chuo. Nikainuka na vumbi lote magotini.

Alama tatu kwa kumi. Chini yake Mwalimu Eliya ameandika maneno mawili tu: Mwalimu alitambaa. Siwezi kusema ni uongo.

Baadaye aliniita pembeni. Hakugomba. Afadhali angegomba.

"Rasoa," akasema, "mwalimu akikaa chini, nani atasimama?"

Jibu nimelitafuta mchana kutwa na bado sijalipata, lakini najua swali lenyewe si sawa.

Ijumaa, 8 Juni

Wekesa halali. Anasema watoto wa mtihani wasipomjibu atazimia mbele ya mkaguzi. Nikamwambia tatizo letu ni hili: tunasoma habari za mtoto kitabuni halafu tunafanyia mazoezi watoto walionyamazishwa. Mtoto mwenyewe hatumjui. Kama hatumjui, tumwigize.

Kesho baada ya kufua nguo, kwenye migomba nyuma ya jiko. Mmoja awe mwalimu, wengine wawe watoto, watoto wa kweli. Yule aliyetembea mbali anasinzia. Yule hajala tangu jana. Yule mwenye mashilingi, mabaka ya choa kichwani, haachi kofia. Yule wa kucheka kila kitu. Wanane wamekubali. Peresi na Wekesa watapishana siku, heshima ikae mahali pake.

Jumamosi, 9 Juni

Siku njema kuliko zote tangu nifike chuo hiki.

Nilikuwa mtoto asiyesema. Peresi alikuwa mwalimu. Akanibembeleza, nikanyamaza. Akanitisha, nikanyamaza zaidi, na kusema kweli niliogopa vile vile kama Naitiri. Akashindwa. Akakaa chini kando yangu, akaanza kuchora kuku kwenye udongo kwa kijiti. Kuku gani yule! Miguu mitatu. Sikuvumilia. Nikamnyang'anya kijiti nikamsahihisha, na nilipokuwa namsahihisha nikajikuta nasema.

Peresi akatoa machozi. Ni mtu wa umri wa mama yangu mdogo, amefundisha miaka mingi bila cheti kabla ya kuja hapa. Alisema leo ndiyo mara yake ya kwanza kujua mtoto aliyenyamaza ana nini ndani. Amefikiria watoto wangapi aliowaita wakaidi. Hakuna kitabu cha chuo kilichowahi kumfunza hilo. Migomba imemfunza.

Jumatatu, 11 Juni

Kosa ni langu. Naliandika hapa wazi.

Leo ilikuwa siku ya Wekesa. Kila mtu aliokota jani kuchagua nafasi, Wekesa akapata jani la mwalimu. Tukaendelea vizuri sana, mpaka nikalewa na kazi yangu mwenyewe. Peresi akaja kuniletea daftari langu, na mimi, kwa vile tulimhitaji mtoto wa kusinzia, nikamvuta nikamkalisha nyuma, nikamfunika leso kichwani. Yeye alidhani Wekesa yuko uwanjani. Wekesa alidhani leso ile ni ya mtu mwingine. Mimi nilijua wote wawili wako pale. Nilijua, na nikasahau.

Wekesa, mwalimu mzuri, akaona mtoto analala. Akaja polepole, akainama, akanyoosha mkono amguse begani. Peresi akainua kichwa.

Sijawahi kusikia mwanamume akipiga yowe la namna ile. Akapita katikati ya migomba bila kutafuta njia, akampiga kikumbo Mwalimu Eliya aliyekuwa anatoka chooni. Wakaanguka wote wawili. Miwani ikaruka.

Tulicheka. Mungu anisamehe, tulicheka mpaka tukakosa pumzi. Halafu tukaona uso wa Mwalimu Eliya.

Jumanne, 12 Juni

Ofisini kwa Bwana Mkuu. Mwalimu Eliya alisema kwa dakika nyingi. Yeye ni mzee wa kanisa na ni Mbukusu, na hajaona mchezo unaompeleka mtu kumshika mama mkwe wake. Nikasema hakumshika, mkono ulibaki shubiri nzima. Bwana Mkuu hakuelewa mambo ya wakwe hata kidogo. Akatazama huku, akatazama huku, akaandika.

Uamuzi: migombani mtu asikanyage tena. Mimi nisimame kanisani Jumapili niombe msamaha mbele ya wote. Na wakisikia mchezo mwingine wowote, cheti nisahau.

Wekesa ametuma kuku kwa Peresi kupitia kwa mpishi. Peresi amempokea, amesema mambo yameisha. Wenye heshima yao wameshamaliza. Anayeendelea kuumia ni Mwalimu Eliya.

Jumapili, 17 Juni

Nilisimama. Nikawaomba msamaha Peresi na Wekesa, kila mmoja kwa jina lake, kwa kusahau heshima yao. Nilimaanisha. Peresi akaitikia kwa kichwa upande wake wa nguzo, Wekesa upande wake.

Halafu nikakaa.

Mwalimu Eliya alikuwa anangoja lile la pili, la mchezo. Kanisa zima lilingoja. Nikafungua kitabu cha nyimbo nikatafuta ukurasa ambao hakuna aliyekuwa ameutaja. Mwisho mpiga kinanda akachoka, akaanza.

Sijutii mchezo. Sitasema najutia. Hata hapa, ambapo hakuna anayesoma, sitaandika.

Jumapili, 1 Julai

Nimepangiwa shule ya mtihani. Wengine wamepewa hapa hapa Bungoma. Mimi nimetupwa Kitale, shule ya shamba mbele ya mahali panapoitwa Kwanza. Peresi anasema wamenipeleka huko ili nishindwe mbali na macho ya watu. Mimi nasema sawa. Shule za shamba nazijua kuliko wao.

Akanishika mikono miwili akaniomba. Hatua tano tu, Rasoa. Nusu saa tu, ukae kama mlingoti, upewe karatasi yako, halafu ukifika darasani kwako ucheze hata mazishi. Nani atakuona?

Nimemwahidi. Yeye amenisihi kama mama na sikuwa na nguvu ya kumkatalia.

Jumanne, 3 Julai

Lori limenishusha Kwanza, halafu miguu. Baridi kali, mvua kila alasiri. Mahindi yamepita kichwa changu pande zote mbili za njia.

Shule ni ghala. Harufu ile ile ya Naitiri, magunia na panya. Nilisimama mlangoni muda mrefu kidogo kabla ya kuingia.

Mwalimu wa hapa alisoma kwa Mwalimu Eliya miaka iliyopita na unaona. Madawati yamenyooka. Fimbo inaning'inia kwenye msumari kando ya ubao. Watoto ni wa kila kabila lililokuja kutafuta kazi kwa wazungu, na wanaelewana kwa Kiswahili, wakiwa nje. Ndani hawasemi lugha yoyote. Amenionyesha msichana mmoja kando ya ukuta, Njeri, binti wa nyapara. Ati huyo ni bubu, nisimhangaikie.

Wakati wa mapumziko nilizunguka nyuma ya ghala. Bubu alikuwa ameketisha magunzi ya mahindi mistari mitatu. Alikuwa na kijiti. Alikuwa anayafokea.

Jumatano, 4 Julai

Mkono unauma lakini naandika. Niandike yote kabla sijasahau hata moja.

Mkaguzi alitoka Kitale kwa gari, mzungu mrefu mwenye kikohozi. Mwalimu Eliya akaja naye. Wakakaa nyuma. Somo: pande nne za dunia.

Nilitimiza ahadi. Hatua ya kwanza nikasimama kama mlingoti. Hatua ya pili, kama mlingoti. Jua linatoka upande gani? Kimya. Nani anaweza kuniambia? Kimya. Watoto wale wanaona jua likitoka kila siku ya Mungu wakiwa njiani kuja, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kulitaja. Nikamwona Mwalimu Eliya ameegemea kiti. Ameridhika. Somo lilikuwa linakwenda vizuri sana, yaani hakuna aliyekuwa anajifunza kitu.

Nikasema moyoni, liwe liwalo. Peresi anisamehe.

Nikamwendea Njeri. Nikampa chaki. Nikamwambia, "Mwalimu, nimechelewa. Nikae wapi?"

Alinitazama, nikadhani atalia. Akainuka. Akaenda mbele. Chaki akaiweka kando. Akachukua fimbo msumarini, akaninyooshea benchi la mbele. Nikakaa, magoti kifuani.

"Jua linatoka wapi?" akauliza. Mwalimu wa shule, aliyekuwa mlangoni, alishika fremu ya mlango.

Nikakosea makusudi. Nikasema linatoka Mlima Elgon.

"Nyoosha mkono."

Nikanyoosha wa kushoto. Akanipiga. Nilidhani atapiga kwa mchezo. Hakupiga kwa mchezo. Mara tatu, katikati ya kiganja, mahali pale pale, kama mtu aliyeona ikifanywa kila siku ya maisha yake. Halafu akasukuma juu miwani ambayo hana, kwa kidole kimoja, akateremsha sauti mpaka ikawa ya mzee, akasema, "Samaki mkunje angali mbichi."

Mwalimu wa pale havai miwani. Sauti ile alikuja nayo kutoka chuoni pamoja na fimbo, na mtoto amezipokea zote mbili. Hakuna mtu mzima ndani ya ghala lile ambaye hakujua ni ya nani.

Sikugeuka nyuma. Nilitaka sana kugeuka.

Ndipo sauti moja ikasema, Mwalimu, mimi najua. Halafu nyingine. Mikono ikajaa hewani. Linatoka milima ya Cherangani! Linalala Elgon! Wakabishana. Njeri akamfanya mmoja kuwa jua, akamtembeza kutoka dirisha hili mpaka ukuta ule, na wengine wakawa Kitale na Kwanza na nyumba ya mzungu. Wakapata pande zote nne. Mimi sikufundisha hata moja. Nilikuwa nimekaa na mkono wangu.

Mkaguzi aliandika kurasa mbili. Mwalimu Eliya hakuandika. Nilipompita alikuwa anatazama kiganja chake mwenyewe.

Alhamisi, 5 Julai

Kiganja kimevimba. Mwalimu Eliya amekaa mbele na dereva wa lori njia yote kurudi Bungoma.

Ijumaa, 13 Julai

Matokeo. Peresi amepita. Wekesa amepita, na watoto walimjibu, anasema alimwona mtoto anasinzia kama yule wa migombani, akajua la kufanya.

Mimi: mkaguzi amesema watoto walijifunza, ila mwalimu alipoteza madaraka ya darasa. Amewaachia chuo waamue.

Chuo wameamua kwa karatasi. Bwana Mkuu akanisogezea karatasi mbili. Cheti upande mmoja, kimeandikwa jina langu, Rasoa Nanjala, kwa wino mzuri. Upande wa pili barua fupi: ninaahidi kutotumia tena michezo ya kuigiza darasani. Nitie sahihi hii, nichukue ile. Sauti yake ilikuwa ya upole. Alidhani ananisaidia, na labda kweli.

Kalamu niliishika. Nisijifanye shujaa, niliishika na nikaiweka kwenye karatasi. Nikafikiria mama. Nikafikiria jembe. Halafu nikafikiria magunzi yale mistari mitatu.

"Sitaandika jina langu hapo, Bwana," nikasema.

Mwalimu Eliya alikuwa dirishani, mgongo kwetu. Bwana Mkuu akamwuliza kama ana neno. Akatikisa kichwa, hana.

Jumamosi, 14 Julai

Nimefunga sanduku. Peresi amenigombeza mpaka sauti ikamkauka, halafu akanifungia ndizi za njiani. Nalia, ndiyo. Kulia si kutia sahihi.

Jumatano, 1 Agosti

Naitiri. Jembe. Mgongo. Mama haniulizi kitu na hilo ndilo baya zaidi.

Leo mchana mtu amefika na baiskeli, matope mpaka shingoni, ametoka nyumbani alfajiri. Nyapara wa shamba la mbele ya Kwanza, baba yake Njeri. Amekunywa maji vikombe vitatu kabla ya kusema. Binti yake anafundisha nyumba nzima, anasema, hata yeye babake ameshapigwa. Mwalimu wao ameacha, amepata ukarani Kitale. Wazazi wamekaa, wamemwomba mzungu mwenye shamba. Mzungu amesema mwalimu asiye na cheti atalipwa kidogo, lakini kama wanamtaka, shauri yao.

Nikamwuliza walipoulizia chuoni walinitaja vipi, maana jina langu hawalijui. Akacheka.

"Tulisema, tuletewe yule mwalimu aliyepigwa na mtoto."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaingia ndani kunitolea blanketi.

Alhamisi, 20 Septemba

Mvua imepungua. Mahindi yanaanza kukauka. Asubuhi unaona Elgon yote mpaka juu.

Nilikuwa katika mahudhurio nikasikia lori. Mwalimu Eliya, na wanachuo watatu wa mwaka wa kwanza wenye madaftari mapya. Amezeeka au sikuwahi kumtazama vizuri. Tukasalimiana. Akaniambia karatasi yangu bado iko mezani kwa Mkuu, inangoja sahihi. Nikamwambia ikae.

Akatazama msumari kando ya ubao. Mtupu. Akaiona fimbo dirishani, inashikilia ubao wa dirisha usijifunge.

Akawaambia wanachuo wake wafunge madaftari, leo hakuna kukosoa. Nikangoja asimame nyuma. Hakusimama nyuma. Akapita katikati ya madawati, akakaa benchi la mbele pembeni ya watoto, magoti kifuani, kofia mkononi.

Leo ilikuwa zamu ya Njeri kuwa mwalimu. Alimtazama sana. Akamwuliza, "Wewe mgeni unaitwa nani?"

Akainuka, mikono nyuma, kama alivyotufunza.

"Eliya," akasema.

Njeri akamwambia akae, na asogee kidogo, anawakinga wenzake wasione ubao. Akasogea. Nikachukua daftari la mahudhurio nikaandika jina lake mwisho wa orodha, nikaweka alama ya kuwa amefika.